Kamba Yenye Mafundo Mawili

Fundi nusura aangue kicheko. Mzee mwenye mvi zake, na gari la familia, naye anataka lishushwe kama la vijana wa mtaani!

"Nikuwekee springi zipi, baba? Hizi zinashusha vidole viwili. Hizi vinne, ila lazima ziende na shokomzoba fupi, la sivyo gari litadunda kama mpira."

Mzee alifungua mlango wa abiria, akachuchumaa kwa taabu, akatoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili. Ncha moja aliibana kwenye sakafu ya gereji, nyingine akaivuta juu. Fundo la juu likalingana na kiti cha gari.

"Hili la chini ni kiti cha jikoni cha mke wangu," alisema. "Tangu avunjike nyonga, pale huinuka mwenyewe, hashikwi mkono. Humu mpaka akanyage kigoda, nami nimsukume kwa nyuma. Anaona aibu. Siku hizi hatoki kabisa."

Fundi akaweka mkono wake wenye grisi kati ya mafundo. Vidole vinne kamili. Kile kicheko kilikuwa kimeshamwishia.

Jioni gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, fundi mwenyewe ndiye aliyeiomba kamba. Fundo la chini likagusa kiti.

Mzee akafungua buti, akatoa kigoda kilicholika katikati kwa kukanyagwa, akakiweka miguuni pa fundi.

"Baki nacho, binti yangu. Sisi kesho tuna safari."