Santuri Iliyorudi

Siku hizi ukiuza kitu cha kale mtandaoni, kumbukumbu zako zote za kitu hicho hufungwa ndani yake. Mnunuzi akikirudisha, ukikigusa tu zinakurudia. Kikiwa kingine, hazirudi, na tapeli amenaswa.

Mwanakheri alikuwa ameuza santuri ya taarabu. Mnunuzi alikuwa ameirudisha, eti ina mikwaruzo. Mwanakheri akaishika kwa mikono miwili, mumewe Shekue akimtazama.

"Zimekujia?"

"Wapi! Hii siyo yangu."

"Mwizi mkubwa, kabadilisha! Hatumrudishii hata senti!"

Shekue alicheka, kisha akakumbuka. Santuri ile iliyouzwa ndiyo waliyoicheza usiku kucha siku ya harusi yao.

"Mke wangu, kwa hiyo harusi yetu imebaki kwa yule mwizi?"

Mwanakheri akatabasamu kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni.

"Ilikuwa nzuri?"