Mwosha Maiti na Filamu ya Jana

"Mji huu hauna mwanamke jasiri kama mimi," Bi Mize, mwosha maiti, alizoea kujisifu, "ila mashahidi wangu wote ni marehemu."

Leo alikuwa amwoshe shoga yake Kidawa, aliyeusia asiguswe na mwingine, lakini kata ya maji ilikuwa bado kavu mkononi mwake.

"Mwanaisha mwanangu, usitoke. Mgongo unaniuma."

Mwanaisha, binti wa marehemu, akamkazia macho. "Mgongo, bibi, au ile filamu ya maiti anayefumbua macho? Wajukuu zako wamesema uliitazama umejifunika khanga, kisha ukaomba irudiwe."

"Mimi? Filamu? Waongo hao!"

Upepo ukaingia dirishani, ukainua shuka usoni pa Kidawa. Kata ikaanguka. Mwanaisha alipogeuka, Bi Mize alikuwa nyuma yake, ameinama kwa aibu, ameling'ang'ania gauni la binti huyo kwa mikono miwili.