Kioo Kinachoona Kifuani

Siku hizo kila kioo cha nyumbani kilikuwa na ruhusa ya kumtazama mtu hadi ndani ya kifua. Mwanahawa alikikwepa, ingawa kope zilimwanguka na taya zilichoka kutafuna. Mama mkwe wake, Bi Sinyati, alimwita mvivu.

"Si mvivu," kioo kikamjibu asubuhi moja, Mwanahawa alipopita mbele yake. "Misuli yake inaugua, na tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ina uvimbe. Bado mapema, uvimbe huo utatolewa."

Ukatolewa. Miezi ilipopita, Mwanahawa alimaliza hindi zima la kuchoma, macho yote mawili wazi.

"Haya mama, mvivu nani?"

Bi Sinyati alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Bi Sinyati," kioo kikaita kwa upole, "nawe sogea karibu kidogo."

Kicheko kikakatika. Akaikaza kanga kifuani, na Mwanahawa akamshika mkono.