Kidole Chenye Pete

"Ni kamera yako tu hiyo," nilimwambia dada. "Acha kujipa moyo bure."

Aliapa kwamba kidole cha Mama kilisogea alipokuwa akimrekodi kitandani, kule chumba cha pili. Tangu Mama apooze, mkono ule haujafanya kitu.

Mimi ni mhariri wa video, naijua kamera ile. Inapiga picha kama za sinema, kisha inachanganya baadhi yake, mbili ndani ya moja, ili zilingane na mwendo wa televisheni. Na dada naye mkono wake hautulii. Ukiisimamisha video, kila kitu kina meno kama kitana: shuka, pazia, hata ukuta, utadhani vyote vinasogea.

"Si uzitenganishe basi," akasema, "tuone nani mwongo."

Nikazitenganisha, nikatupa picha za ziada zilizojirudia, kama ninavyofanya kabla ya kuhariri chochote. Nikapitisha picha mojamoja. Meno yameisha. Shuka limetulia. Pete ya Mama inang'aa kwenye kidole kile, na kila mkunjo wa ngozi unaonekana.

Kidole kikainuka. Kikashuka.

Nikaiachia video iende, na sauti yake. Dada alikuwa akiimba huku anarekodi, na kila alipofika kwenye mkazo wa wimbo, kidole kilishuka papo hapo.

Nyuma yangu dada akaanza kuuimba tena wimbo uleule, safari hii kwa sauti ya juu.

Kutoka chumba cha pili, pete ikagonga chuma cha kitanda.