Kopo Chini ya Kanga

Mzee Shekue hakuwahi kukubaliana na mkewe hata siku moja. Kwa hiyo Bi Mwanahawa alipoamka usiku na kulalamika, "Baba Rehema, hebu sogea, umenibana," naye akajibiwa kwa upole, "Kweli, mke wangu, nimekosa," alikurupuka akawasha taa.

Mzee alikuwa amelowa jasho, mikono inamtetemeka, analichekea kabati. Jioni alicheza ngoma kwenye harusi ya mpwa wake, akarudi hoi, akajidunga sindano yake ya kisukari na kulala bila kula.

"Wewe ni mkaidi, unajua?"

"Najua," alisema mzee.

Hapo Bi Mwanahawa akaogopa kweli. Sukari imemshuka! Na kopo la sukari alilificha mwenyewe sandukuni, chini ya kanga, kama anayeficha sumu, tangu mzee aanze kuugua. Alizitupa kanga sakafuni, akalipata, akakoroga sukari nyingi kwenye kikombe cha maji, akamnywesha taratibu.

Akasubiri, amemshika mkono. Mtetemeko ukapungua. Mzee akapepesa macho, akalamba midomo.

"Maji gani haya, matamu hivi? Na taa ya nini usiku wote huu?"

Bi Mwanahawa alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nigombeze, baba, nigombeze!" Akaenda kumletea mkate.

Kopo hakulirudisha sandukuni. Aliliweka kando ya mto, na kabla taa haijazimwa, sisimizi wa kwanza alikuwa ameanza kupanda mguu wa kitanda.