Mkono wa Wafadhili

Redio ilipotaja jina la mfadhili mkuu, mkono wa bandia wa Koplo mstaafu Kasubi uliinuka wenyewe kupiga saluti, kama ifanyavyo mikono yote aliyoitoa msaada. Balaa ni kwamba ulikuwa umembeba mjukuu. Nyamizi aliruka kutoka kwenye kigoda, akamdaka mtoto kabla hajafika sakafuni.

“Uvue huo mkono,” alimwambia mumewe, mtoto akilia begani kwake.

“Mama Lugola, nikiuvua wafadhili wanajua papo hapo. Watakuja kumkatia mtoto msaada.”

“Wakate! Jumapili tulikuwa kaburini kwa baba yake. Lugola, mwanao wa kumzaa, kafia kwenye vita ile ile iliyokula mkono wako. Ukataka kumpigia saluti, jasho likakutoka, mkono ukagoma. Haumjui marehemu wetu. Unamjua mwenye hela tu.”

Kasubi akamgeuzia bega la mkono ule.

Nyamizi akafungua vifungo, akautupa mkono kabatini, akaegemeza kinu kwenye mlango wa kabati. Wakaketi kula ugali. Mzee alikula kwa mkono wa kushoto, bila kuona haya.

Redio ikataja lile jina tena. Ndani ya kabati mkono ukainuka, ukagonga mbao. Hakuna aliyegeuka.

Hawajamaliza kula, hodi ikapigwa kwenye mlango wa nje, kwa nguvu. Nyamizi akameza tonge lake kwanza.

“Karibuni,” akaita bila kuinuka. “Ila humu ndani anayepigiwa saluti ni Lugola tu.”