Bosi na Mikono Mfukoni

"Mteja yuko getini, Umulisa! Rezista yako tutairudisha mwezi ujao."

"Na fundi wa gereji atakufa mwezi huu, bosi."

Chaja aliyoibuni Umulisa, ya kufungwa ndani ya basi la umeme, ilikuwa mezani, karakanani kwao Masoro. Ilichomolewa kabla hawajaanza kugombana, lakini mita bado ilionyesha volti mia sita. Bosi ndiye aliyeinyofoa rezista ya kumaliza umeme unaobaki, eti chaja iwe ndogo.

"Imezimwa! Itamuua nani?"

"Basi iguse wewe."

Bosi akatia mikono mfukoni.

Umulisa akavaa glavu, akaumaliza umeme mpaka mita ikasoma sifuri, akairudisha rezista mahali pake, akashika chuma cha kulehemu.

"Mpe mteja chai," alisema, na risasi ya kulehemia ikaanza kuyeyuka kwenye miguu ya rezista.